Vidonge vya Ujana vya Baba Mkwe

Jumapili, 4 Mei 2025

Jana baba mkwe kapanda mchikichi! Miaka sabini na mbili! Mama mkwe kanisimulia jikoni huku anacheka mpaka anajifuta machozi kwa khanga. Eti tangu aanze vidonge vya ujana, mzee anaimba nyimbo za kwaya alfajiri.

Mimi sikumwona, bila shaka. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba wa mume wake, hamsalimii, hamtaji jina. Tukikutana njiani naingia kwenye mikakao, nampa mgongo mpaka apite. Miaka minne ya ndoa namjua kwa kikohozi tu. Kwetu Bukoba ningempigia magoti, nikamsalimia, tukapiga soga. Haya, mume wangu Aliko nilimtaka mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nikauliza: na vile vya presha anameza? Mama kageukia ndizi zake.

Mwishowe kasema: ameviacha. Tangu Februari!

Jumatatu, 5 Mei

Nimepiga picha kopo la vidonge vya ujana. Limeandikwa NMN. Wagonjwa walipoisha zahanati ninakofanya kazi, nimekaa na simu, nikasoma mpaka chaji ikakata.

Panya wa maabara, naam — baadhi walichangamka. Kwa watu, majaribio ni madogo, ya miezi michache. Kuna kitu mwilini kinachopungua uzeeni. Wakimeza, kinapanda kwenye damu, hilo ni kweli. Wengine walitembea vizuri zaidi kidogo, wengine hakuna tofauti. Kuishi zaidi? Hakuna aliyeonyesha bado kwa binadamu. Nisimsingizie mtu, sijaona popote kwamba ni sumu. Haijulikani tu.

Lakini dawa ya presha inajulikana! Inazuia kiharusi. Kwa mzee wa sabini na mbili, ujana gani mwingine anautaka?

Jumatano, 7 Mei

Nimemtuma Aliko. Mwanamume mzima na ndevu zake, akisimama mbele ya baba yake anakuwa wa darasa la pili.

Karudi. Umemwambia nini? Eti nimemwambia unasema vile vidonge vimejaribiwa kwa panya. Na yeye? Kauliza tangu lini mkamwana anamfananisha na panya.

Ebo! Katika yote niliyokufundisha, umebeba panya tu? Nikacheka, kisha nikanuna. Chai ya jioni kajipikia mwenyewe.

Jumamosi, 10 Mei

Muuza vidonge kaja nyumbani kwa wakwe. Anaitwa Jubilate, dada mpole wa huko Mwaya, naye anavimeza. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa. Nimemngoja njiani, nikamuuliza bila kupindapinda: wewe ndiye uliyemwambia mzee aache dawa za hospitali? Kaapa hakusema. Alimwambia kwanza akaulize zahanati.

Namwamini. Basi kwa nini mzee kaacha?

Jumapili, 11 Mei

Nimejua. Bora nisingejua.

Baada ya ibada nilikuwa na mama mkwe, tunamenya ndizi. Nikambana. Akaanza kwa mbali kabisa — mpunga, mvua — halafu: kliniki ya presha ni Alhamisi, si ndiyo? Anayepima nani?

Mimi.

Nilihamishiwa zahanati hii Februari. Alhamisi yangu ya kwanza mzee alikuja na kadi yake, akasikia sauti yangu dirishani, akageuka. Vidonge vilipoisha hakurudi. Nikamuuliza mama, si mngeniambia nikavileta nyumbani? Akanitazama: ungempa bila kumpima? Na kumpima ni kumshika mkono. Hataki kukuvunjia heshima, mwanangu.

Jamani! Wiki nzima nahangaika na panya wa Wazungu, kumbe kikwazo ni mimi. Nimelia, nakiri. Nampenda yule mzee nisiyemjua sura.

Jumanne, 13 Mei

Sospeter, tabibu wetu, kakubali kumpima yeye keshokutwa. Mimi nitajificha chumba cha chanjo. Ujumbe umepita kwa mama. Jibu la mzee: kakohoa. Mama anasema huko ndiko kukubali. Ndaga, asante mama!

Alhamisi, 15 Mei

Sospeter hayupo! Mjamzito kazidiwa asubuhi, kaondoka naye na gari kwenda hospitali ya wilaya. Nimebaki peke yangu — na mzee kaja, na koti la kanisani, mama nyuma yake.

Nikasema kupitia mlangoni: mama, mwambie arudi kesho. Mama akajibu kichwa kinamgonga tangu jana. Basi. Nikatoka.

Mzee akageuza kiti, akatazama ukuta. Akakunja mkono wa koti mwenyewe, akaunyoosha nyuma, kwangu. Nimeushika. Wa moto, mgumu kwa jembe.

204 kwa 118. Lo!

Nimempumzisha, nikarudia. Vilevile. Sospeter kasema kwenye simu: mpe kidonge, asiondoke, gari likishusha linarudi. Mama kaenda kutafuta maji ya kunywa. Naandika hapa mezani huku tukingoja gari.

Mzee kakohoa. Sasa anasema na ukuta — kwa Kiswahili, si Kinyakyusa, ili nielewe. Huyo anayepima aulizwe, vile vya ujana viendelee au viachwe?

Aulizwe na nani? Mama hajarudi. Tupo wawili tu humu.

Nimesogeza kiti changu, nami nikatazama dirisha. Nikaliambia dirisha: mzee wangu aambiwe, vile havijulikani bado. Hiki cha presha kinajulikana. Aanze na hiki.

Mzee kafungua kiganja, hajageuka. Nimeweka kidonge. Vidole vyake vimefumba na ncha za vidole vyangu ndani, na haachii. Naandika kwa mkono wa kushoto, maandishi yanakwenda upande. Mama na maji bado.