Viputo Kwenye Tangi la Mama

Jumamosi, 4 Mei

Viputo tena! Tangi kama chupa ya soda iliyotikiswa. Kioo nimekikata mwenyewe, nimekibandika mwenyewe, lita mia tatu na hamsini hazivuji hata tone — halafu bomba la kurudisha maji linanitia aibu. Pampu inavuta maji kutoka tangi dogo la chini, inayapandisha juu, na kila yanapotoka yanatoka na hewa. Viputo vyeupe, laini kama unga. Mimi ninayetengeneza pampu za mji mzima! Kweli mganga hajigangi.

Na tangi lenyewe sikulitaka mimi. Mama alisema televisheni inamchosha, picha zina ukungu. Nikabadilisha antena. Ukungu. Nikaleta televisheni pana. Ukungu uleule. Basi nikamtengenezea samaki, awe na cha kutazama mchana. Sita tulinyonya ziwa moja, anayejua njia ya chumba chake ni mmoja.

Leo kakaa mbele ya kioo, pua karibu iguse, anacheka peke yake. "Leo wamechangamka, mwanangu. Wengi kweli!" Samaki ni saba. Nikaona ananikejeli kwa ajili ya viputo.

Jumapili, 5 Mei

Dada mkubwa kapiga simu. Salamu hazijaisha, ameshaanza: Mama haoni vizuri, siku ile alimwita kwa jina la mke wangu, nimpeleke kwa daktari wa macho. Nikamwambia macho ya uzee ni macho ya uzee, na yeye anayeona vizuri hivyo kwa mbali, aje aone kwa karibu. Akakata. Nilifurahi. Lilikuwa neno zuri.

Mchana, kazi. Jambo moja kwa wakati — ukibadilisha mawili hujui lipi limeponya. Nikaanza na maji yanayoshuka. Yanaanguka tangi la chini kwa kishindo, yanachukua hewa, pampu inayameza kabla hewa haijapata nafasi ya kupanda. Nikarefusha bomba la kushushia hadi mdomo uzame, nikasimamisha ukuta wa sponji katikati. Viputo vikapungua nusu!

Jioni, mezani, Mama anauliza samaki wengine nimempa nani. Mke wangu akacheka. Nikasema saba ni saba, Mama, hata wewe unaweza kuhesabu. Akapapasa meza akitafuta kijiko mpaka akakipata. Niliona. Niliona, nikaendelea kula.

Jumanne, 7 Mei

Nusu iliyobaki — nimeikamata! Bomba la kuvuta, kabla ya pampu. Asiyejua atasema: kungekuwa na tundu, maji yangetoka. Wapi! Upande wa kuvuta hautoi maji, unaingiza hewa. Pakavu kabisa, na ndipo ugonjwa ulipo. Nikapaka mafuta ya mgando kila kiungo, kimoja kimoja. Cha kwanza, bado. Cha pili, bado. Cha tatu, kwenye nati — viputo vikakatika! Mpira wa ndani ulikuwa umekunjamana. Nikaweka mwingine, nikakaza kwa mkono, nikaongeza robo kwa spana. Tangi likabaki kama halina maji. Samaki saba wanaelea hewani.

Nikamwita Mama. Nilitaka sifa, nisijidanganye. Akaja ameshika ukuta. Akakaa. Akatazama, akatazama.

"Wamekufa lini?"

"Nani, Mama?"

"Samaki. Pole, mwanangu. Ulihangaika sana."

Yule wa rangi ya chungwa, mkubwa kama kiganja changu, alikuwa mbele ya pua yake.

Jumatano, 8 Mei

Nimempima kama ninavyopima pampu. Nikainua vidole, nikamuuliza vingapi. Akasema nisimchezee, alinifunza kuhesabu yeye. Nikawasha taa nyuma ya tangi, nikalegeza ile nati. Viputo vikarudi, vinang'aa. "Hao!" Akapiga makofi. "Umeleta wengine!"

Nikamfunika jicho la kulia kwa kiganja.

"Mbona umezima taa?"

Nikaenda kusimama bafuni, nimefungulia maji ili nisisikike. Antena. Televisheni. Tangi. Alikuwa ananiambia macho, mimi nashika bisibisi. Siku nzima natambaa chini ya tangi kutafuta hewa inapoingilia, na yeye anapapasa kijiko.

Nimempigia dada. Nimesema tu: kesho nampeleka. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Nati sijaikaza. Mke wangu kauliza, kwani viputo vimerudi? Nimesema aviache.

Alhamisi, 9 Mei

Kliniki ya macho, benchi la korido. Mama yuko ndani na muuguzi, anapimwa presha ya macho. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Daktari ni binti mdogo, ana haraka, ana adabu. "Bibi, huu ukungu ulianza lini?" Mama akanigeukia — alikosea kidogo, akalitazama kabati. "Wiki iliyopita tu, mjukuu wangu. Huyu mwanangu hachelewi. Nimetamka tu, huyo kanileta." Daktari akaandika. Akasema sawa, ila tuwe na uhakika: tatizo la ghafla lina tiba yake, la siku nyingi lina yake, na jicho lililobaki ni moja. Mama akanifinya mkono chini ya meza. Alinifinya hivyohivyo utotoni mbele ya mwalimu mkuu: nyamaza, niachie mimi.

Na mimi nikanyamaza! Mtu wa hesabu. Antena niliibadilisha mwaka jana, mwezi wa tatu. Miezi kumi na minne. Hata hapa benchi nimeihesabu upya, kama vile itapungua.

Nikisema, nimemuumbua mbele ya mgeni. Nisiposema, jicho moja linatibiwa kwa uongo alionitungia.

Muuguzi kamtoa, kamkalisha kando yangu. Tusubiri, daktari anamalizia kuandika dawa. Mama kaniuliza samaki wamekula? Nimesema wamekula. "Wote?" Wote, Mama.

Mlango wa daktari uko nusu wazi. Nimejaribu kusimama. Mama kanishika shati, ananivuta chini, nikae. Bado amelishika.