Nilimuuliza Mama Jina Lake

Lela, usipige simu, soma tu. Wallahi nimeaibika.

Mama alilegea dukani muda mfupi uliopita, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Sukari imeshuka. Na mimi, mwaka wa pili wa diploma ya paramediki, nikapiga magoti nikaanza maswali kwa mpangilio wa darasani. "Jina lako nani? Leo siku gani?"

Jina lako nani! Mama yangu mzazi!

Akaingia Hibaq wa ghorofa ya tatu na lile koti lake la ambulensi. Yule wa kozi ya miezi sita, ile niliikataa mimi nikasema ni ya chapati, ukigeuza mara mbili imeiva. Sasa yeye ana kazi, mimi bado nabeba vitabu. Hakuuliza kitu. Alitoa soda kwa friji yetu akamnywesha kidogo kidogo. Dakika kumi, Mama amekaa wima.

Unajua Mama alisema nini mbele ya wateja? "Hibaq mwanangu, si umfundishe huyu wangu."

Huyu wangu!! Aki Lela.

Nikamfuata kwa ngazi, wivu umenijaa. Nikamuuliza kozi fupi hivyo ilipata wapi muda wa kufundisha mambo ya sukari.

"Hiyo waliiruka," akasema. "Nilisoma kwa daftari lako, lile uliniazima mwezi wa Ramadhani."

Daftari langu, Lela. Mwandiko wangu. Tena nilipiga mstari mwekundu: "Kama anameza, mpe kitu kitamu. Maswali baadaye."