Zana Moja kwa Kompyuta Zote

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Babu yako hajambo, ng'ombe amezaa jike, na wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa huku hata hatujui tumuuzie yupi.

Unasema zana zako mbili za kutengenezea menyu na vitufe, zote unaandika programu mara moja ikafanya kazi kwenye kompyuta za kila aina. Ila moja huweka sura ileile kila mahali, na nyingine hufuata sura ya kompyuta inayoikuta. Uchague ipi?

Kompyuta siijui. Lakini nilipokuwa nesi kijana, mtu wa Machame, nilipangiwa zahanati ya Rombo. Kichagga chao si chetu, kwa hiyo nilitumia Kiswahili kwa wote. Siku moja mama mmoja alileta mtoto anayekohoa.

"Ananyonya?" nikamuuliza.

Akaitikia kwa kichwa. Nikageuka kuchukua dawa. Nesi mwenzangu, mzaliwa wa palepale, akamsalimia kwa Kirombo, salamu tu. Yule mama akaketi, akaanza kulia. Akasema mtoto hajanyonya tangu jana.

Tulimuwahi, akapona. Mimi nikajifunza salamu zao. Maelezo ya dawa niliendelea kuyatoa kwa Kiswahili, na kina mama wakaanza kuniambia ukweli.

Ningekuwa wewe, ningechukua hiyo ya pili. Maana yule mama Kiswahili changu alikielewa vizuri kabisa. Alikuwa bado anasubiri kukaribishwa.

Bibi yako