Baruti ya bastola kwenye risasi za mbweha

Mpendwa mshauri, shikamoo, na unisaidie maana shukrani imenizidi. Mimi ni Wessel, mfuga kondoo wa Karoo, nyika kavu ya Afrika Kusini, na hapa kwetu ukisema risasi za kujaza nyumbani umenitaja mimi, nimewahi kumwangusha mbweha siku ambayo upepo ulikuwa unang'oa mabati, risasi ikapinda kona ikamsubiri mbele, uliza yeyote. Baruti huwa naichagua kwa jicho, kitabu cha vipimo nimekiwekea kikombe juu, na naihifadhi kwenye makopo ya kahawa maana yana vifuniko vizuri. Basi juzijuzi nimejaza baruti maganda sitini ya bunduki yetu ndogo, kumi nimeshayabana vichwa vya risasi nikampa jirani yangu Sarel, hamsini yako wazi kwenye ubao, akaja Lientjie, binti wa dada yangu, akamulika tochi ndani.

"Mjomba, baruti yetu si huwa vijiti vidogo?"

"Vijiti, ndiyo."

"Mbona hivi ni vibapa? Mjomba, hii ya bastola!"

Mshauri, binti alisema kweli. Baruti ya bastola huwaka mara moja, ukiipima kwa kipimo cha bunduki, bunduki inakupasukia usoni. Niliruka kwenye gari bila viatu, nikamkuta Sarel anavaa kofia aende kuwinda, risasi mfukoni. Nikamwambia, "Zilete nizinoe kidogo." Akacheka, "Wewe fundi wewe, hutosheki!" Namshukuru Mungu, namshukuru na yule binti, kila asubuhi namtengenezea kahawa mwenyewe. Lakini Sarel sasa kanunua makopo ya kahawa kama yangu, na Jumamosi chama cha wawindaji kinanitaka nifundishe kuchagua baruti. Nikisema ukweli, jina langu la miaka thelathini si limekwenda?

Wessel

Mjomba Wessel,

Marahaba. Nimefurahi kwamba nyote mko hai, na sasa nikugombeze. Risasi iliyopinda kona nimekusamehe. "Kuzinoa" sikusamehi. Jirani yako amekushukuru kwa kitu ambacho kingemtoa macho, na wewe ukapokea.

Leo hii ita Sarel, muombe radhi, makopo yake yarudi jikoni. Hizo hamsini mwaga baruti yake bustanini, majani yataipenda, na zile kumi usizifungue mwenyewe ukiwa na haraka. Baruti ikae kwenye chombo ilichonunuliwa nacho, na mezani liwe kopo moja tu. Kitabu kiondoe chini ya kikombe: kinakwambia ipi inafaa ganda lako, na uanzie kipimo cha chini kabisa.

Jumamosi nenda, ila Lientjie asimame mbele na tochi yake, wewe ukae kiti cha kwanza. Kahawa ya asubuhi ni nzuri, lakini binti huyo unamshukuru jikoni kwa siri. Mke wa Sarel hajui hata kwamba ana mtu wa kumshukuru. Mwambie.