Papa, Groupe Yako Imekufa Tena

Papa wangu mpendwa,

Nakuandikia huku nikicheka, na huko uliko najua unauliza kama zamani, "Masika, ni nini tena?" Ni ile filamu yako, Papa. Ile ya Wafaransa waliokuwa wakipigana kwa siri na wanajeshi waliovamia nchi yao. Nimeiona mpaka mwisho. Mwisho kabisa, unanisikia? Mjanja wewe!

Unamkumbuka yule mwalimu wa kutoka Kasai aliyepanga kwetu Butembo? Alipohamishwa kazi alikuachia kaseti ya filamu hiyo na mashine yake ya video, nawe ukageuza depo lako la viazi kuwa sinema. Jumapili baada ya misa tulifunga madirisha, watu wakakaa juu ya magunia ya kutoka Masereka na nguo zao za kanisani, na hakuna aliyelalamikia udongo. Koko, mama yako, alikaa mbele kabisa, kwenye kiti pekee chenye mgongo. Kifaransa hakujua hata neno. Wewe ulisimama kando ya televisheni ukitafsiri, na kwa kuwa majina ya Wazungu yaliwachanganya watu, uliwapa wapiganaji majina ya kwetu, jinsi tunavyowapa watoto kufuatana na kuzaliwa. Mwanamume wa kwanza kuingia kwenye picha akawa Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Mwanamke aliyeficha barua ndani ya mikate akawa Masika, kama mimi. Loo, nilivyotembea shingo juu wiki nzima!

"Hawa bote ni batoto ya mama moja," ulisema, na basi, filamu ikawa yetu.

Na wewe Kambale wa nyumbani, haya hukuona! Kambale wa filamu alikuwa mtu wa kuvuta sigara tu kwenye kona, lakini kwa tafsiri yako ndiye aliyetoa mawazo yote. Koko alikushtukia. "Huyu Kambale midomo yake hapana tembea. Anasema namna gani?" Depo zima liliangua kicheko.

Kisha ilifika ile sehemu ya mwisho, Mumbere akienda peke yake kwenye gare, kituo cha treni, ili awavute wanajeshi, ndugu zake wapate kukimbia. Na kila Jumapili, akikaribia gare, ulitoka kuiangalia groupe yako, jenereta ya umeme huko nyuma ya depo, na akikanyaga tu gare ilizimika. Giza. Ukarudi na mikono myeusi kwa mafuta. "Groupe imekufa. Donc basi, namalizia kwa mudomo." Ukatusimulia Mumbere akipenya kati ya mizigo, akivuka mto, akifika kwa mama yake na matope mpaka magotini, na mama akamfokea badala ya kumkumbatia, "Unatoka wapi muchafu hivi? Osha miguu, bugali inapoa!" Koko alipiga makofi mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

Sote tulijua kwamba mtoto wa kwanza wa Koko, yaya yako Mumbere, kaka yako mkubwa, alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Kisangani na hakuna aliyewahi kuleta habari yake. Lakini nilikuwa mdogo, sikuunganisha mambo. Niliikasirikia groupe tu.

Sasa sikiliza. Hapa Beni nilikoolewa kuna mtu sokoni anayejaza filamu kwenye flash. Nikamweleza, akaipata. Niliitazama peke yangu nikipiga pasi, na pale gare, Papa, umeme haukukatika. Mumbere alipigwa risasi. Alianguka kando ya treni, kofia yake ikabaki chini, filamu ikaisha. Nililia mpaka shati la mume wangu likaungua. Nilimlilia Mumbere, na zaidi nilikulilia wewe, kwa jinsi ulivyompenda mama yako.

Shida ni kwamba Koko anaishi kwangu sasa, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Alitambua muziki tu. "Hiyo ni filamu ya Kambale. Jumapili unatuwekea." Jaribu wewe kumkatalia! Akaalika majirani wote. Nilikwenda misa nikiomba umeme ukatike. Groupe ya kuzima sina. Nikiiacha filamu iende, Koko atamwona Mumbere akiuawa, na hapa Beni nyumba nyingi zina mtu wanayemngoja.

Basi nikatafsiri. Ungeniona, Papa! Majirani waliwazomea wanajeshi, wakamsifu Masika na mikate yake, nami nikamwongezea sifa kidogo, damu yako hiyo. Mumbere akavaa kofia, akaelekea gare. Nikaanza kutafsiri polepole, na bado sikujua nifanye nini. Hapo Koko akainuka na fimbo yake, akaenda polepole mpaka ukutani, akachomoa waya.

Akatugeukia, uso mkavu. "Groupe imekufa."

Sikuamini. "Koko, kumbe ulikuwa unajua?"

"Mutoto wangu alikuwa anatoka inje na mikono safi, anarudia amejipakaa mafuta. Miye ni mama yake! Malizia kwa mudomo."

Nikamalizia. Nikampitisha Mumbere kati ya mizigo, nikamvusha mto, nikamfikisha na matope yake, na kabla sijafungua tena mdomo Koko mwenyewe akafoka, kidole juu, "Osha miguu, bugali inapoa!" Majirani walicheka mpaka wakashikana. Nilifurahi, Papa, jinsi ambavyo sikuwahi kufurahi tangu tulipokuzika.

Baadaye tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, wote pamoja. Koko aliweka sahani moja pembeni, akaifunika. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ni ya Mumbere.

"Hapana," akasema. "Ni ya Kambale. Amefanya kazi sana."

Pumzika, Papa. Sahani yako ipo.

Masika, binti yako wa kwanza