Kisanduku cha Asili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini. Natumaini u mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Mama hajambo, ulimi wake ndio hauugui kamwe. Mimi nipo palepale masjala ya hospitali ya watoto, nakula vumbi la mafaili.

Umeandika kwamba umeshampa mkeo talaka na sasa unataka mke wa rangi yetu. Mama alifurahi mpaka akawaita majirani. Kabla hujaposa, kaa chini usome.

Mwanao alipozaliwa na mdomo wa sungura nilikutumia karatasi ya ofisini, hesabu ya watoto wadogo wenye kasoro za kuzaliwa, kila asili na idadi yake. Watu wa mkeo walituzidi mara mbili. Mama aliisoma kwa sauti mkeo akiwa bado kitandani anatoka damu, akamwambia ametuletea uchafu wa kwao. Nawe ukasema karatasi ya hospitali haiwezi kudanganya.

Niliitengeneza mimi. Wakunga huacha wazi kisanduku cha asili kwenye fomu za uzazi wanazotuletea, nami nilijaza mwenyewe bila kumuuliza mtu. Mtoto mzima nilimwandika wetu, mwenye kasoro nikamwandika wao. Sikuona vibaya, nilidhani najua. Mwezi uliopita daktari mpya alitulazimisha kuwapigia simu akina mama wote, mmoja mmoja. Kumbe watoto wenye kasoro, wa kwetu na wa kwao, wanakaribia kulingana. Nilifokewa mbele ya wafagizi.

Juzi mkeo alimleta mtoto ashonwe, nami ndiye niliyeitwa kujaza fomu yake. Daktari aliuliza kama kuna mtu kwenye ukoo aliyezaliwa hivyo. Mkeo aliniangalia tu. Nikajibu hakuna.

Yupo, ni wewe. Kovu lililo chini ya masharubu yako si la kuanguka ngazini. Nilikuwa na miaka tisa, nikakulisha kwa kijiko mpaka uliposhonwa. Mama alituapisha tusiseme. Mkeo alilitambua kovu hilo, na siku mlipomfukuza aliniuliza getini kama unajua. Nilimwambia akithubutu kukuambia, tutamnyang'anya mtoto. Akaenda zake.

Wasalimie wenzako. Mama anakusalimu sana, na mchumba ameshakupatia. Mkeo nilimwomba salamu za kukupa. Alisema hana.

Ni mimi dada yako,
Karani