Kaka, Wamenifundisha Kujihadhari na Mimi Mwenyewe

Kaka yangu Wekesa,

Leo nakukasirikia kwa kutokuwepo, maana ni wewe tu ungenisikiliza bila kuniambia nitulie.

Unakumbuka Ijumaa ile nilipofika Doha? Ulinipokea chumbani kwako Al Mansoura kwa chai ya maziwa ya karak na chapati, ukanionyesha kitambulisho chako kipya cha sekyuriti. "Wametufundisha kushuku kila mtu," ukasema. "Hata wewe ukija getini bila kadi, sikujui." Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Kisha ukasimama kwenye geti hilo, jua la Julai likiwaka, ukiogopa kunywa maji kwa sababu choo kilikuwa mbali. Figo zilipokataa ukarudishwa Bungoma, na hatukukaa nawe sana kabla ya kukuzika. Ndiyo maana katika kazi yangu ya utafiti wa afya nilianza kuchunguza figo za watu wanaofanya kazi juani.

Mwenzangu katika utafiti huo ni Profesa Helen, wa chuo kimoja cha Marekani. Mimi nachukua damu za wafanyakazi huku Doha, yeye anazipima zaidi kwa mashine tusizo nazo. Mwaka huu tulikuwa tunaomba ruzuku ya serikali yao kuu, tuweze kuwafuatilia watu hao kwa miaka. Sasa sheria yao inataka kila mtafiti mkuu apitie kwanza mafunzo ya usalama wa utafiti, mtandaoni, video na maswali. Nikaketi nikayafanya. Wezi wa utafiti wapo, sikatai, na mengine niliyosoma yalikuwa na maana. Lakini swali moja lilinikaba. Mwenzako wa nchi ya nje anakuomba data ambazo hamjachapisha; utafanya nini? Jibu lililotakiwa: toa taarifa chuoni.

Kaka, kwa Helen, huyo mwenzako wa nchi ya nje ni mimi! Nikabofya jibu walilotaka, nikafaulu, nikapewa cheti.

Baadaye Helen akanipigia. Alikuwa hanitazami kwenye kamera.

"Nekesa, ofisi yetu inaona ni salama zaidi tukikuandika kama mshauri tu. Na data zibaki huku kwetu."

"Data za damu niliyoichukua kwa mkono wangu?"

"Najua. Hata mimi sijapenda."

"Na wenye damu wataambiwa majibu na nani?"

Akasema atauliza. Aliuliza. Akajibiwa kwamba upande wa Doha uondolewe kabisa kwenye ombi, mambo yawe mepesi.

Nilitoka ofisini, nikaegesha gari Al Sadd, nikafoka peke yangu kwa Kibukusu mpaka sauti ikakauka. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna wa kumfokea. Helen si mbaya. Ofisi yake inafuata sheria. Kila mtu amefanya kazi yake vizuri, na utafiti umekufa.

Ijumaa nikaenda kwenye kambi ya wafanyakazi karibu na Al Wukair kuwaeleza. Wengi waliitikia kwa kichwa tu, kama watu waliozoea kuachwa. Musa, Mganda anayefunga vyuma, ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo dada, figo zangu ziko vipi?"

Majibu ya vipimo vya hapa Doha yalikuwa yametoka wiki hiyo hiyo. Nikamwita pembeni, nikamwambia wazi kwamba zimeanza kuchoka. Akakaa chini kwenye kreti. "Nina watoto," akasema. Nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari akasema tumewahi, akaandika asifanye kazi juani tena. Msimamizi wake alinung'unika, lakini amemhamishia stoo.

Helen ananitumia ujumbe, sijamjibu. Nitamjibu hasira ikipungua. Nitatafuta pesa kwingine, ingawa sijui wapi.

Lakini Musa ameambiwa mapema, kaka. Wewe hakuna aliyekuambia.

Lala salama, nami niache na hasira zangu, bado nina kazi nazo.

Mdogo wako wa mwisho,
Nekesa